Wafinyanzi wa Maji: Madaftari Matatu kutoka Kihagara

Neno "kuiga" limekuwa tusi katika mijadala yetu ya utamaduni. Kijana akiimba, akivaa au akiandika kwa namna inayofanana na ya mbali, tunasema ameiga, na mjadala unafungwa kabla ya yeyote kuuliza ameiga nini, kwa ajili gani, na katika kuiga huko ameongeza nini. Leo naomba msomaji wangu anivumilie niufungue upya mjadala huo kwa kuhakiki kazi ambayo haijachapishwa, wala haitachapishwa kama ilivyo: madaftari matatu yaliyoandikwa kwa mkono na msichana wa kidato cha tatu huko Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma.

Msichana huyo ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Madaftari yalinifikia kwa sababu yalizua ugomvi nyumbani kwao. Shemeji yangu, ambaye ni mvuvi, aliyakuta chini ya godoro, akayapekua, akaona hayana hesabu wala jiografia. Yamejaa watu wanaoyaumba maji kwa mikono mitupu. Alitaka kuyatia motoni. Dada yangu akasihi yaletwe kwangu kwanza. "Wewe ndiye daktari wa vitabu katika ukoo huu," shemeji aliniambia kwa simu. "Soma, kisha utuambie mtoto huyu anasoma au anayachezea maisha yake." Nimesoma. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kilichomo ndani ya madaftari ni kile ambacho wahakiki sasa wanakiita hadithi za mashabiki. Hizi ni hadithi ambazo msomaji au mtazamaji huziandika akitumia wahusika na ulimwengu wa kazi ya mtu mwingine anayoipenda. Hazikuagizwa na mchapishaji, hazina malipo, na mara nyingi mwandishi wake ni kijana. Katika intaneti zipo kwa mamilioni, na mojawapo ya hazina kubwa za hadithi hizo, Archive of Our Own, ilitunukiwa Tuzo ya Hugo mwaka 2019. Mpwa wangu hajui lolote juu ya hazina hiyo wala tuzo hiyo. Ameandika kwa kalamu ya biki kwenye kaunta buku, akawaazima wenzake darasani, nao wakamrudishia yakiwa na maoni ya penseli pembezoni. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tayari ana wasomaji. Ukingoni mwa ukurasa mmoja mtu ameandika kwa herufi kubwa: "Usimuue bibi."

Kazi anayoishabikia ni Avatar: The Last Airbender, mfululizo wa katuni wa Marekani ulioonyeshwa na Nickelodeon kuanzia mwaka 2005 hadi 2008, vipindi 61 kwa jumla. Waasisi wake, Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko, walibuni ulimwengu wenye mataifa manne: la Maji, la Ardhi, la Moto na la Hewa. Katika kila taifa wapo watu wenye kipaji cha kukiamuru kile kilicho chao. Avatar peke yake, ambaye huzaliwa upya kizazi baada ya kizazi, ndiye awezaye kuviamuru vyote vinne. Taifa la Moto linaanzisha vita ili litawale wengine wote. Avatar wa zama hizo, mtoto wa miaka 12 aitwaye Aang, amelala ndani ya barafu kwa miaka 100, na anapozinduka anakuta watu wake wote, Wahamaji wa Hewa, wameangamizwa.

Ni katuni ya watoto, lakini imebeba ukoloni, ukimbizi, propaganda, na masaibu ya mwana wa mtawala dhalimu ambaye lazima achague kati ya baba yake na haki. Umo ndani yake mji mkubwa uitwao Ba Sing Se, ambamo polisi wa siri huhakikisha kwamba hakuna mkazi anayetaja vita vinavyopiganwa nje ya kuta. Mtu yeyote anayefuatilia siasa za dunia hii atafahamu kwa nini kijana mwenye macho anaweza kuvutwa na jambo kama hilo.

Mpwa wangu aliutazama mfululizo huo kwa flashi iliyotoka Songea na kuzunguka nyumba zenye runinga. Kiingereza chake wakati huo kilikuwa cha kubahatisha, na sehemu asizozielewa alizijaza mwenyewe. Nadhani uandishi wake ulianzia hapo, katika kujaza.

Daftari la kwanza ni nakala ya pili. La asili lilichukuliwa na mwalimu darasani na halikurudi tena, kwa hiyo akaliandika upya kwa kumbukumbu. Jambo la kwanza lililonisimamisha humo ni neno moja. Kwa Kiingereza, kitendo cha kuamuru maji au moto katika mfululizo huo hutajwa kwa kitenzi chenye maana ya kupinda, na mfasiri mvivu angetuletea "wapinda maji". Mpwa wangu amesema wafinyanzi: wafinyanzi wa maji, wafinyanzi wa udongo, wa moto, wa upepo.

Anayelijua ziwa lile atajua neno hilo limechimbwa wapi. Kaskazini, upande wa Matema na Ikombe, wapo Wakisi, ambao wanawake wao wanasifika kwa ufinyanzi, na vyungu vyao vimesafirishwa kwa mitumbwi kandokando ya ziwa tangu zamani. Mfinyanzi haupigi udongo. Huubembeleza kwa kiganja kilicholowa mpaka ukubali umbo. Waasisi wa katuni waliijenga mienendo ya wahusika wao juu ya michezo ya kujihami ya Kichina, na mtindo wa maji wakautoa kwenye tai chi. Msichana wa Kihagara ameutoa kwenye kazi ya mikono ya wanawake wa ziwa lake. Kwa neno hilo moja, nguvu iliyokuwa ya mapigano imegeuka kuwa ufundi, na kitu kinachofundishwa na bibi kwa mjukuu huku wakifanya kazi.

Mhusika wake mkuu anaitwa Binti Usipa. Wenyeji wamempa jina hilo kwa sababu ni mdogo kama dagaa wa Nyasa, na kwa sababu alizaliwa usiku ambao mitumbwi ilirudi imejaa. Analelewa na bibi yake, ambaye mchana huanika usipa kwenye chanja na alfajiri, bila mtu kujua, huyafinyanga maji ya ufukweni yatulie ili mitumbwi itoke salama. Hakuna mapigano katika daftari lote la kwanza. Kuna upepo wa kusini, taa za wavuvi usiku zikiwa mbali kama mji mwingine, na mjukuu anayejifunza kulishika wimbi moja bila kulivunja. Aang hayumo. Taifa la Moto linasikika tu, kama habari za redioni. Kwa mwandishi wa umri wake, subira hiyo ni ya kushangaza.

Daftari la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Meli ya chuma ya Taifa la Moto inatia nanga, na maofisa wanashuka na ramani. Wanaikunjua juu ya chanja, juu ya samaki waliokuwa wakikauka, na kuwaonyesha wanakijiji mstari mwekundu uliopita penye mchanga. Tangu siku hiyo maji ni nchi moja na mchanga ni nchi nyingine. Mwanamke anayeosha vyungu anakuwa na visigino katika nchi hii na vidole katika nchi ile. Mvuvi anahitaji kibali ili aingie katika maji yaliyo hatua chache kutoka mlangoni kwake. Ziwa lina majina mawili, na mtoto anayelitaja kwa jina lisilotakiwa na ofisa aliye zamu siku hiyo anatozwa samaki. Mwishowe inapigwa marufuku kulitamka neno "mstari" lenyewe, na hapo Ba Sing Se inakuwa imehamia Nyasa, kwenye kijiji kisicho na ukuta wowote.

Sikuwahi kumsomea mpwa wangu historia ya mpaka huo, lakini msomaji wangu anaikumbuka. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uligawa maeneo ambayo waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa. Malawi inashikilia kwamba kwa mkataba huo mpaka unafuata ufukwe wa upande wetu, kwa hiyo maji ya kaskazini ya ziwa ni yake yote. Tanzania inashikilia kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa, kama ilivyo desturi ya sheria za kimataifa. Suala hilo liliibuka rasmi mwaka 1967, likaibuka tena kwa kishindo mwaka 2012 baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta, kisha likapelekwa kwenye usuluhishi wa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji. Wao wanaliita Ziwa Malawi, sisi tunaliita Ziwa Nyasa, na ramani za nchi mbili hazilingani.

Nimesoma makala za kitaaluma kuhusu mgogoro huo, nyingine ndefu na zenye tanbihi nyingi. Sikumbuki hata moja iliyomweka mwanamke majini na chungu mkononi ikamuuliza visigino vyake viko wapi. Mpwa wangu ameliuliza swali hilo, na amepata nafasi ya kuliuliza kwa sababu alikuwa na Taifa la Moto la kuazima. Akiandika moja kwa moja kuhusu serikali mbili, angeandika kama kitabu cha uraia. Akiandika kuhusu Taifa la Moto, anaandika anachokiona kila asubuhi.

Katika daftari hilohilo ipo sura ambayo naiona kuwa bora kuliko zote. Si mbali sana na Kihagara ipo Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, ilifika hapo na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa kwenye chelezo kwa matengenezo. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, na kwamba alimwendea kwa mashua akiwa amekasirika kwelikweli, kwa maana hakuwa amepata habari kwamba nchi zao ziko vitani. Akatekwa palepale. Mara nyingi mapigano hayo hutajwa kuwa ushindi wa kwanza wa majini wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza.

Vitabu vya kigeni hukisimulia kisa hicho kama kichekesho cha maofisa wawili. Mpwa wangu amekichukua, akamfanya nahodha mmoja wa Moto na mwingine wa Maji, akauacha ucheshi wake wote, kisha akaigeuza kamera kuelekea ufukweni, kwa watu waliokuwa wakitazama. Mzinga unalia. Chanja zinaanguka. Nahodha aliyetekwa anaomba amalizie kwanza chai yake, na anaruhusiwa. Bibi wa Binti Usipa anaokota samaki mmoja mmoja kutoka mchangani, kisha anasema: "Wameanza vita ndani ya kikaango chetu, na hakuna aliyeuliza kama tumekwisha kula." Nimefundisha fasihi kwa miaka kadhaa. Sentensi hiyo ningependa kuwa nimeiandika mimi.

Sasa nigeukie hoja za shemeji, kwa sababu si za kupuuzwa, na wengi wetu tunazo vifuani.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba hivi ni vya watu. Mtoto amechukua ulimwengu usio wake, na kuchukua kisicho chako kuna jina. Kisheria ana sehemu ya haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi mamlaka ya kuamua nani aigeuze kazi yake kuwa kazi nyingine, na kwa hiyo mpwa wangu hawezi kuyauza madaftari haya yakiwa na Aang ndani yake. Lakini hoja ya kisheria haijibu swali la fasihi. Kwa kipimo cha kutochukua cha wengine, sehemu kubwa ya fasihi ya Kiswahili ingefutwa. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728 na ambao ni miongoni mwa tenzi za kale kabisa tulizonazo, unasimulia upya masimulizi ya Kiarabu. Abunuwasi wa hadithi zetu alikuwa mshairi aliyeishi Baghdad zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Sisi tumempa punda na majirani wachoyo. Shaaban Robert aliijenga Adili na Nduguze juu ya kisa cha Alfu Lela Ulela, na ndugu waliokuwa mbwa katika kisa cha asili wakawa manyani mikononi mwake. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpenda Sherlock Holmes wa Conan Doyle. Alichofanya ni kukiacha kiko mdomoni, kumwacha rafiki anayefuatana na mpelelezi, kulitupa jina, na kumzaa Bwana Msa, ambaye tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960 hakuna mtu anayemdai arudi London.

Na wapo ambao hawakuandika. Wenye umri wangu wanamkumbuka Lufufu, jina la kazi la Derek Mukandala, aliyezifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake, akazitia utani, methali na maonyo ambayo mwongozaji hakuyajua. Tuliokaa kwenye vibanda umiza hatukuwa tukitazama filamu ya kigeni peke yake. Tulikuwa tukimsikiliza Mtanzania akijadiliana nayo.

Hoja ya pili ya shemeji ni ya utamaduni: mtoto anaacha vyetu na kukimbilia vya wageni. Hapa nilimuuliza swali moja tu, kama bado anacheza mganda. Shemeji anaucheza vizuri sana. Huo mganda, ambao kwetu tunauita ngoma ya asili, ulizaliwa watu wa pande zote za ziwa walipoyaona majeshi ya wakoloni na wengine wao kuyatumikia. Waliiona gwaride, bendi, vyeo na sare. Kutokana na hayo wakapata ngoma ya mistari iliyonyooka na hatua za kijeshi, nguo zilizopigwa pasi, vibuyu vinavyotoa sauti ya tarumbeta, na viongozi wenye vyeo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima mwaka 1975 kuhusu ngoma za beni na jamaa zake, mganda ukiwamo, akionyesha jinsi Waafrika walivyolichukua gwaride la mtawala na kulifanya lao: la ushindani wao, la heshima yao, la vyama vyao vya kusaidiana. Babu aliyeucheza mganda alikuwa shabiki aliyeandika kwa miguu. Mjukuu anaandika kwa biki. Shemeji alicheka kwenye simu, akasema sisi wasomi hatushindwi maneno, lakini hakuendelea na hoja hiyo.

Ningeongeza kwamba hata hao wageni waliazima. Taifa la Maji la katuni ile limechorwa kwa kutazama maisha ya watu wa barafu wa kaskazini ya mbali, na Wahamaji wa Hewa kwa kutazama watawa wa Tibet. Wamarekani wawili waliazima Asia na kuwauzia walimwengu. Msichana mmoja aliazima kwao, akaliingiza ziwa lake, na hajamuuzia mtu. Tukitaka kuhesabu madeni, basi tuanze kwa wadeni wakubwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na sina utani nayo: mtihani. Mwakani mpwa wangu atafanya mtihani wa kidato cha nne, na kwa binti wa mvuvi, matokeo ya mtihani huo yanaweza kuwa tofauti kati ya chuo na chanja. Ada ya sekondari ya chini ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari, nauli na muda havikufutwa. Kila saa anayokaa na Binti Usipa ni saa ambayo baba yake ameilipia kwa usiku mmoja ziwani. Mtu anayemwambia mzazi wa aina hiyo kwamba "kipaji ni muhimu kuliko cheti" ama hana mtoto, ama ana shamba.

Hata hivyo nilimwomba shemeji atazame kinachoendelea ndani ya saa hizo. Sekondari mtoto huyu anafundishwa kwa Kiingereza katika karibu masomo yote, na wengi darasani mwake wanakariri sentensi wasizozimiliki. Katika somo la Kiswahili, mtihani unamtaka ataje dhamira za riwaya mbili na tamthiliya mbili, naye anaweza kuzitaja bila kuzisoma, kwa sababu muhtasari wa dhamira hizo unauzwa stendi. Katika madaftari yake nimekuta mambo ambayo shule inadai kuyafundisha na haiwezi kuyapima: amepanga matukio ya kurasa zaidi ya 200 bila kupoteza uzi, ametofautisha usemi wa ofisa na usemi wa bibi, ameingiza maneno ya lugha ya bibi yake pale tu ambapo Kiswahili hakitoshi, na ameandika upya daftari zima kwa kumbukumbu baada ya kunyang'anywa. Nimeshawahi kuwarudishia wanafunzi wa shahada ya pili kazi zisizo na hata mawili kati ya hayo.

Lakini mhakiki anayesifu tu hamsaidii mwandishi, na daftari la tatu lina kasoro kubwa. Kwa madaftari mawili kijiji kimebanwa na mstari, bibi ameanza kudhoofika, Binti Usipa ameshika ufundi wake, na msomaji anangoja aone mfinyanzi mdogo atafanya nini. Ndipo, katika sura ya mwisho, Aang anashuka kutoka mawinguni juu ya mnyama wake anayepaa, anaichana ramani, anaifukuza meli, na kila mtu anakula. Mwandishi amempa mgeni kazi ya mwenyeji. Mhusika wa kuazima anaweza kufungua mlango wa hadithi, anaweza hata kuwa adui. Akipewa kuimaliza, hadithi inarudi kwa mwenyewe, na aliyeandika anabaki mtazamaji kama alivyokuwa mwanzo mbele ya runinga.

Nilimwambia hivyo kwa simu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, mjomba. Lakini huu mstari wa kweli, nyie wakubwa si mmewaita wageni waje wauondoe?"

Sikuwa nimelitazama kwa upande huo, na ninalileta kwa msomaji kama nilivyolipokea. Pengine Aang hakuingia katika daftari la tatu kwa sababu ya udhaifu wa mwandishi chipukizi. Pengine aliingia kwa sababu mtoto aliyekulia kando ya ziwa lenye majina mawili hajawahi kuona jambo la ziwa hilo likiamuliwa na watu wanaolioga. Mkataba ulitiwa saini Ulaya. Meli zilipigana Liuli bila kuwauliza. Usuluhishi umefanyika mahotelini, mbali na mchanga. Kutoka wapi angepata mfano wa mwisho mwingine?

Nilimjibu kwamba swali lake ni zuri, na kwamba ndiyo sababu mwisho huo unapaswa kuandikwa upya. Anachokiona kila siku kinaonyesha namna mambo yalivyo, na wataalamu wa kukieleza tupo wengi. Hadithi ina ruhusa ya kujaribu kile ambacho hakijawahi kutokea. Wavuvi wa pande mbili hukutana usiku katikati ya maji, huulizana habari za samaki na huokoana dhoruba inapowakuta, bila kutazama ramani ya nchi yoyote. Mwisho wa hadithi yake, nilimwambia, upo huko kwenye taa zile za usiku alizozichora vizuri katika daftari la kwanza. Alikaa kimya kidogo. "Bibi awepo?" akauliza. Nikamwambia hilo aliamue yeye, ingawa wasomaji wake wameshatoa msimamo wao kwa penseli.

Hukumu niliyompelekea shemeji ina mafungu matatu. Mosi, mtoto anasoma. Madaftari yarudishwe mikononi mwake, na moto wa jikoni upewe kuni nyingine. Pili, siku za shule ni za masomo, na Binti Usipa apewe Jumamosi jioni mpaka mtihani upite. Mpwa wangu amelikubali hili kwa shingo upande, na baba yake kwa shingo upande ya upande wa pili, jambo linalonifanya niamini kwamba ni haki. Tatu, atakapoandika upya, ayatoe majina ya katuni yote, kama Muhammed Said Abdulla alivyolitoa la Holmes. Nimeyapitia madaftari kuona ni kiasi gani kitaanguka. Wafinyanzi watabaki, kwa maana neno ni lake. Bibi, chanja, mstari, nahodha na chai yake, vyote vitabaki. Kitakachoondoka ni jina la Taifa la Moto na mvulana mmoja juu ya mnyama anayepaa.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, hasa wa shule za kata, nina ombi. Katika kila darasa lenu yupo anayeandika chini ya dawati. Kabla hamjachukua daftari hilo, someni kurasa mbili. Mkikuta katuni ya Marekani au filamu ya Kikorea, mwulizeni mwandishi maswali ambayo mngemwuliza mwandishi yeyote: huyu mtu anakaa wapi, anakula nini, nani anamnyima nini? Mwulizeni kingetokea nini kama mhusika huyo angeshuka katika stendi ya hapo kwenu kesho asubuhi. Kisha mrudishieni daftari lake, maana si wote wenye kumbukumbu ya kuliandika mara ya pili.